Mhadhiri wa Ajali

Nchi ya Subirini haipo. Hili lisemwe mapema, asije mtu akajitambua humu akaanza kuwasumbua mahakimu, ambao nao wana mizigo yao. Ni nchi ndogo yenye bendera kubwa, na wimbo wake wa taifa una beti nyingi kiasi kwamba ukipigwa kabla ya mechi, timu ya wageni huanza mpira ikiwa imeshachoka.

Ofisi za Subirini hazijawahi kuwa tupu. Ukiingia saa yoyote utalikuta koti limevikwa kwenye mgongo wa kiti, na karani atakuambia kwa adabu zote, "Yupo, ametoka kidogo." Koti likiwepo, mwenyewe yupo. Kuna wakurugenzi walioiongoza nchi hiyo kwa koti tu, na wananchi wanakiri kwamba miaka hiyo haikuwa mibaya.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi Profesa Hemedi Mshangama, na shida yake ilikuwa moja: alitaka kwenda nyumbani.

Alikuwa mwalimu wa hesabu za bima pale Chuo Kikuu cha Taifa. Kazi yake ilikuwa kuchukua watu elfu wa umri mmoja na kusema wangapi watakuwa hai mwakani, wangapi mwaka utakaofuata, hivyo hivyo hadi wa mwisho azime taa, ili wenye mifuko ya uzeeni wajue waweke akiba gani. Umri wa kustaafu alikuwa ameupita zamani. Aliupungia mkono, nao ukampungia. Lakini Waraka wa Utumishi ulisema kwamba mwenye utaalamu adimu hataachia kiti mpaka mrithi wake awe amekikalia. Na utaalamu wake ulikuwa adimu kwelikweli. Nchi nzima alikuwa nao yeye, pamoja na panya waliokula vitabu vyake.

Mkewe, Mama Shani, alichoka kungoja, akatangulia kijijini milimani, akajenga nyumba yenye baraza, na barazani akaweka viti viwili. Kila jioni alipiga simu.

"Baba Shani, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai hailiwi. Na kiti chako hapa barazani kuku ameanza kutagia."

"Mfukuze."

"Nimfukuze nimkalishe nani? Kuku mwenyewe angalau namwona."

Profesa alicheka kidogo tu, maana alikuwa ameshajipigia hesabu kimyakimya, kama fundi cherehani anayejipima shati. Kwa jedwali lake mwenyewe, mzee wa umri wake, mwenye kifua chake na chakula chake cha chai, alikuwa amebakiwa na miaka michache. Kwa kumbukumbu za serikali, kumpata mhadhiri mmoja kulichukua zaidi ya hapo. Alipoichora miaka hiyo kwa mistari miwili ubaoni, wa kwanza ulikatika kabla wa pili haujafika. Akafuta ubao. Wanafunzi walidhani ni mfano wa darasani, wakanakili.

*

Mambo yalisogea pale Baba Mlezi wa Taifa aliporudi kutoka kwenye mkutano wa marais. Huko, wakati wa chakula, rais wa jirani alijigamba kwamba kwake wapo wataalamu watatu wa kukadiria vifo. Baba Mlezi hakulala vizuri. Aliposhuka kwenye ndege alilihutubia taifa palepale kwenye ngazi, abiria wengine wakiwa bado nyuma yake na mabegi vichwani.

"Haiwezekani," alisema, "taifa lenye heshima kama letu liendelee kufa kiholela."

Makofi yalipigwa mpaka rubani naye akapiga, asijue ni ya nini.

Basi nafasi ikatangazwa. Profesa Mshangama alipendekeza iandikwe hivi: Mhadhiri wa Hesabu za Bima. Baraza la Istilahi likakataa. Mwenyekiti wa baraza alimuuliza kwa upole, "Profesa, likieleweka na kila mtu, litakuwaje neno la kitaalamu?" Wakakaa msimu mzima wa mvua, wakatoka na jina: Elimu ya Ajali. Mwenyekiti alieleza kwamba katika Kiswahili cha mabibi zetu, ajali ni saa ya mtu aliyoandikiwa, siku yake ya kuondoka. Haya ya magari kugongana ni uhuni wa juzijuzi. Ilikuwa hoja nzuri sana, na iliharibu kila kitu.

Magazeti yakatoka na tangazo: Anatafutwa Mhadhiri wa Ajali, atakayefundisha ajali na kuzifanyia utafiti. Wizara ya Elimu ilipoona neno ajali, ikaisukuma shughuli nzima kwa polisi wa usalama barabarani.

Maombi yalimiminika. Dereva wa lori alijieleza kwamba amepinduka mara tatu, zote usukani ukiwa mikononi mwake, na picha akaambatisha. Mganga wa kuunga mifupa aliomba afundishe vitendo. Fundi breki mmoja alisema wazi kwamba ajali nyingi za mjini zinatokana na yeye, hivyo utafiti ameshaufanya. Mpwa wa waziri aliomba ukuu wa kitivo, bila kutaja kitivo.

Katikati ya hao alikuwemo Dokta Sikudhani Bori.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa Profesa zamani. Jina lake lilikuwa neno la kwanza la mama yake siku alipogundua ana mimba, nguo za watoto akiwa ameshazigawa kwa majirani. Alikwenda ng'ambo, akasoma, akafundisha huko. Alipolisoma tangazo alilielewa mara moja, kwa kuwa alilelewa na bibi. Akapanda ndege, akaja kubisha mlango wa ofisi ya mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba kazi yako."

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alihitaji kuhakikisha kwamba si macho yanayomchezea.

"Kule wanakulipa," alisema.

"Wananilipa. Lakini kule nahesabu vifo vya watu nisiowajua hata majina. Hapa wazee wanazeeka, mifuko yao ya uzeeni inakadiriwa na watu wanaokadiria kwa macho. Siku itakapokauka, nitakuwa nimekaa mbali nikisoma habari hiyo kwenye simu."

"Hapa utakadiria na utachekwa."

"Nimeshachekwa, Mwalimu. Nimeitwa Sikudhani shule nzima."

Jioni ile, Mama Shani alipopiga, Profesa alimwambia aanze kumzoesha kuku sehemu nyingine.

*

Kamati ya Kitaifa ya Ajira za Wasomi ilikutana kwenye ukumbi wenye feni moja na picha ya Baba Mlezi. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pazi Lukumbo, mtu mzito aliyesifika kwa kusinzia bila kupoteza heshima. Kulia kwake aliketi Inspekta Ngwali wa usalama barabarani. Kushoto, Bi Rukia Ndembo, katibu wa kamati, ambaye alizijua taratibu zote za nchi, na pale zilipokosekana alizijua pia. Profesa Mshangama alikuwa mjumbe mwalikwa, asiye na kura wala soda.

Inspekta ndiye aliyeanza.

"Dada, leseni yako daraja gani?"

"Sina leseni, afande."

"Utafundishaje ajali na leseni huna?"

"Afande, wengi wanaopata ajali wanazo."

Inspekta alilitafakari jibu hilo, akaona lina takwimu ndani yake, akalinakili.

Mheshimiwa Lukumbo akafungua jicho moja. "Binti," alisema, "sisi tuliokula chumvi tunaye mwalimu wetu, naye ni methali. Ajali haina kinga. Walitamka hivyo waliotutangulia, wakaondoka wakiwa wameridhika. Leo wewe unatoka ng'ambo na kalamu yako, unataka kuwaambia marehemu kwamba walikosea?"

"Hapana, mheshimiwa. Na wao wenyewe ni ushahidi kwamba hawakukosea. Kinga mimi sina. Nina hesabu tu. Siwezi kukuambia nani. Naweza kukuambia wangapi. Tunawachukua raia wote, tunawapanga kwa umri kwenye jedwali, halafu—"

Kalamu ya Bi Rukia ikasimama.

"Raia wote?"

"Wote, mama."

"Wote kabisa?" Na Bi Rukia, bila kuinua mkono, akanyoosha kidevu kuelekea ukutani, kwenye picha.

Swali hili Profesa Mshangama alikuwa amelikwepa maisha yake yote. Kila lilipokaribia darasani, alisema "raia wa kawaida", akapangusa ubao, akabadilisha mada. Alimtazama mwanafunzi wake, akamwombea kikohozi, kizunguzungu, chochote.

Sikudhani aliitazama picha, kisha akaitazama kamati, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya sokoni.

"Hapo naomba kamati iniongoze. Kama Mzee naye ipo siku ataondoka, nimweke ndani. Kama haondoki, nimtoe nje. Nitaandika mtakavyosema."

Feni ikasikika. Inspekta Ngwali aliangusha kofia yake, akainama kuitafuta chini ya meza, akaona huko ni salama, akakaa. Mheshimiwa Lukumbo alilifunga jicho alilokuwa amelifungua. Kusema Mzee ataondoka ni uhaini. Kusema haondoki ni kukufuru, na Mheshimiwa alikuwa mtu wa ibada.

"Hilo," alisema hatimaye, macho yakiwa bado yamefumba, "ni suala la kisera."

Bi Rukia akaandika: suala la kisera. Kikao kikaahirishwa. Inspekta alitoka chini ya meza wengine walipokuwa wameshafika kwenye magari.

*

Sera ilitoka. Gazeti la serikali lilitangaza kwamba Baba Mlezi wa Taifa yuko Nje ya Jedwali, na kwamba kanuni za vifo hazimhusu. Wananchi wakapewa siku ya mapumziko kufurahia.

Mawaziri wakasoma, wakaingiwa na huzuni. Haifai, walisema, kiongozi wetu akae huko nje peke yake. Nani atamshikia mwavuli? Wakatolewa nao. Manaibu wakauliza, na sisi tubaki huku ndani tukifa bila mabosi wetu, tutapewa maelekezo na nani? Wakatolewa. Makatibu wakuu wakafuata, kisha wakuu wa wilaya, kisha kila aliyekuwa na dereva. Beji ya kijani ikatengenezwa kwa walio nje. Harusini wazazi walimuuliza mchumba, "Wewe uko nje au uko ndani?" na kijana akisema ndani, mama mkwe alianza kumlilia palepale. Mwimbaji mmoja aliongeza beti mbili kwenye wimbo wa taifa, akatolewa nje yeye na ngoma zake.

Ndani ya jedwali walibaki wakulima, walimu, manesi, wachuuzi wa mihogo, na mpinzani mmoja ambaye aliingizwa mara mbili.

"Kazi yako imekuwa rahisi," Profesa alimwambia Sikudhani wakinywa chai ofisini. "Wanaokufa ni wale wale tuliokuwa tunawajua."

"Mwalimu, unafikiri watanichukua?"

"Wameshakutumia. Kukuchukua ndiyo hatua inayobaki."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Mizigo yake alikuwa ameshaifunga: vitabu vilivyosazwa na panya, kikombe, na redio. Mama Shani aliambiwa atie maharage maji.

*

Kamati ilikutana mara ya pili mchana wenye joto kali. Mheshimiwa Lukumbo, beji ya kijani kifuani, alikuwa ameshakaa kabla ya wote, kichwa kimeinama, mikono juu ya tumbo. Jana yake alikuwa kwenye karamu ya kusherehekea kutoka kwake jedwalini, na mbuzi wa karamu hiyo wanasifiwa hadi leo. Hakuna aliyemwamsha. Haikuwa desturi.

Bi Rukia akasimama, akasoma.

"Kamati inampongeza Dokta Sikudhani Bori kwa kuisaidia serikali kupata sera. Kamati imeridhika kwamba ana sifa zote za kuwa Mhadhiri wa Ajali."

Profesa alifumba macho. Aliliona baraza. Alisikia harufu ya maharage.

"Aidha," Bi Rukia aliendelea, "kwa kutambua kazi aliyolifanyia taifa, na kwa kuwa ndiye aliyemfundisha mtajwa hapo juu, serikali imeamua kumtunuku Profesa Hemedi Mshangama heshima ya kuwekwa Nje ya Jedwali."

Inspekta akapiga makofi. Bi Rukia alifungua kiboksi, akatoa beji ya kijani, akambandika Profesa kwenye koti kabla hajasimama.

"Kwa hiyo," alimalizia, "kwa kuwa Profesa hafi, na asiyekufa hazeeki, na asiyezeeka hastaafu, kamati inaona hakuna nafasi iliyo wazi. Dokta Sikudhani anashukuriwa na kutakiwa safari njema. Hongera, Profesa."

Profesa aliitazama beji kama mtu anayetazama kupe.

"Irudishe," alisema.

"Samahani?"

"Nirudisheni ndani, Bi Rukia. Mimi nataka kufa kama watu."

"Profesa, usiitukane heshima. Wapo wanaoililia."

"Mpe anayelia. Mke wangu ananisubiri. Sikuomba kuishi milele, niliomba kwenda nyumbani."

Inspekta Ngwali, ambaye naye alikuwa na mke mahali fulani, akatazama pembeni.

"Heshima hii," Bi Rukia alisema kwa sauti ya chini kidogo, "hutenguliwa na mwenyekiti peke yake. Mwombe."

Profesa akamgeukia Mheshimiwa. "Mheshimiwa." Kimya. "Mheshimiwa Lukumbo, nakuomba." Kimya. Inspekta alinyoosha mkono, akamgusa bega, kisha shingo. Akaurudisha mkono polepole.

"Bi Rukia," alinong'ona, "mheshimiwa amepoa."

"Amepoa vipi?"

"Amepoa. Kama ubwabwa wa jana."

Bi Rukia alikuja, akatazama, akanyoosha beji iliyokuwa imepinda kwenye kifua cha mwenyekiti. Uso wake ulipita mambo mengi kwa haraka, ukatua kwenye utaratibu.

"Yuko nje ya jedwali," alisema.

"Lakini mama, huyu—"

"Afande, kuna tangazo la serikali au hakuna?"

"Lipo."

"Basi anatafakari." Akarudi kukaa. "Iandikwe kwamba mwenyekiti anaendelea kutafakari ombi la Profesa."

"Atatafakari mpaka lini?" Sikudhani aliuliza. Alikuwa mtu wa hesabu, angeweza kujijibu.

Profesa Mshangama alisimama akimtazama Mheshimiwa Lukumbo. Hakuwahi kumpenda, wala hakumchukia. Walikuwa wamechoka wote kwenye nchi moja. Alimtazama kwa muda, alivyokaa kitini pake bila njaa, bila kikao kingine, bila mtu wa kumuuliza kitu. Halafu kitu fulani kilianza kutembea taratibu kichwani mwake, kama hesabu inayokubali.

"Bi Rukia," alisema, "mheshimiwa yuko kazini?"

"Yuko kazini."

"Na familia yake wakija kumchukua, wakampeleka wanakojua wao?"

Bi Rukia alifikiri. "Atakuwa kazini. Aliye nje ya jedwali hakosekani."

"Hata asipoonekana?"

"Profesa, kuonekana si sharti. Sharti ni kuwepo."

"Naomba hilo liandikwe."

Likaandikwa. Inspekta akashuhudia. Profesa akavua koti lake, koti la kijivu lenye viwiko vilivyong'aa, akalivika kwenye mgongo wa kiti chake, akalinyoosha mabega. Beji ya kijani ikabaki kifuani pa koti, ikiwaka vizuri tu.

"Basi na mimi nipo," alisema. "Nimetoka kidogo."

Bi Rukia alilitazama koti. Alilizunguka kichwani kwa taratibu zote azijuazo, na zile zisizokuwepo, akakosa pa kulishika. Akainamisha kichwa na kuandika. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaongeza jambo bila kuambiwa.

"Koti la mtaalamu adimu," alisema akiandika, "haliwezi kuachwa bila mtunzaji. Kamati inampa Dokta Sikudhani Bori kazi ya kulitunza, pamoja na darasa lililo mbele yake. Mwenyekiti hana pingamizi."

Wote wakamtazama mwenyekiti. Hakuwa na pingamizi.

*

Sikudhani alimkuta kwenye ngazi, kikombe mkononi na redio kwapani.

"Mwalimu, nimepata kazi au sijapata?"

"Umepata. Cheo ndicho hakijapata mtu."

"Sasa mimi," alisema, na hapo akacheka kicheko cha mtu aliyeona ukurasa wa mwisho, "siku yangu ikifika, nitatokaje?"

Profesa alimpima kwa macho, kuanzia mabega kushuka.

"Una koti?"

Alifika milimani jua likiwa bado lipo. Mama Shani alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Alimtazama mumewe na shati lake tupu na baridi ile ya milimani.

"Koti lako liko wapi?"

"Liko kazini."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja."

Hakuuliza zaidi. Alimpokea redio, akamwonyesha baraza. Kiti kimoja kilikuwa cha mama, chenye mto. Kwenye kile cha pili alikaa kuku, amejitandaza juu ya mayai, akamtazama Profesa kwa jicho moja, kama mtu mwenye beji.

"Ngoja nimtoe," alisema Mama Shani.

"Mwache," alisema Profesa Mshangama. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akanyoosha miguu. "Hatoki huyo mpaka warithi wake waanguliwe. Nitasubiri."